Balbina Ligunda, Mama wa Jibu Moja

Marehemu Balbina Ligunda alizaliwa Mahenge tarehe 3 Mei 1966. Wazazi wake walihamia Michenga kulima mpunga, na huko ndiko alikomaliza darasa la saba mwaka 1980. Ushonaji alifundishwa na masista.

Alifunga ndoa na Mzee Raimundi mwaka 1988, wakajenga Kibaoni. Sare za kwaya mnazoziona hapa leo zimepita kwenye cherehani yake. Mshono mbaya ulimkera kweli, lakini ukimuuliza habari zake mwenyewe, jibu lilikuwa moja: nzuri. Ndivyo alivyolelewa, mtu akikujulia hali, huanzi na kilio.

Hata alipoanza kuona damu chooni, daktari alimuuliza, "Habari za tumbo, mama?" Akajibu, "Nzuri tu." Akarudi nyumbani na dawa za minyoo.

Mwaka 2023 utumbo uliziba. Alipopasuliwa, ilikutwa saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Nyumba nzima iliingiwa na hofu. Madaktari wa Dar es Salaam walimweleza kuwa atapewa dawa za kupunguza uvimbe, kisha watakata sehemu ya ini iliyougua, na itakayobaki itakua tena.

"Ini likatwe, halafu mimi nibaki?" alimuuliza binti yake Oliva, anayewasomea wasifu huu, akiwa amemng'ang'ania mkono.

Alifanyiwa upasuaji Februari 2024. Alipouona mshono wake alisema, "Fundi huyu hajui kukunja pindo," wodi nzima ikacheka. Msimu uliofuata alipanda mpunga.

Mwaka huu ugonjwa ulirudi, pande zote za ini na kwenye mapafu. Safari hii madaktari walisema hakuna tena pa kukata. Mama aliogopa kufa, na hakuficha. Aliwaita wanawe akawaambia, "Wamesema ugonjwa huu unaweza kutembea kwenye ukoo. Nendeni mkapimwe utumbo. Na daktari akikuuliza habari, usimwambie nzuri. Mwambie."

Alifariki nyumbani Kibaoni, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, Evodius na Oliva, na wajukuu watatu. Evodius ameshapimwa, yuko salama. Oliva ameanza kuona damu, na anapimwa Jumatatu. Mkimjulia hali leo msishangae: si nzuri. Anaogopa sana.

Apumzike kwa amani mama aliyemfundisha kusema.