Historia ya Loisi Chilongani, Mwandishi wa "Asubuhi ya Watu Wachache"

Ndugu waombolezaji, mimi ni Sila, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa nilistahili kuwa wa mwisho kutumwa.

Loisi Yona Chilongani alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika kijiji cha Mvumi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Yona na mama yetu Anna, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1994 hadi 2000, sekondari mjini Dodoma hadi 2004, na mwaka 2008 akahitimu stashahada ya uandishi wa habari.

Mwaka 2009 aliajiriwa redioni, tarehe 6 Oktoba 2012 akafunga ndoa na Lameck, wakajenga nyumba mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, wakajaliwa binti mmoja, Jenifa, ambaye sasa ana miaka tisa.

Mwaka 2021 tamthilia yake, "Asubuhi ya Watu Wachache", ilianza kuonyeshwa kwenye runinga kila Alhamisi, ikisimulia nchi ambamo nusu ya watu wametoweka asubuhi moja bila kuacha hata nyayo, na waliobaki wanalima, wanagombana na kuoa huku hawajui kama wafanye matanga au waendelee kungoja. Humo alikuwamo mama aliyempakulia chakula kila siku mwanawe aliyetoweka, na sisi sote tulijua ni mama yetu, ambaye amempakulia mdogo wetu Jordan tangu alipokwenda machimboni mwaka 2013 asirudi.

Watu walianza kumcheka mama sokoni, wengine kanisani wakasema Loisi anafanyia mzaha kurudi kwa Bwana, nami nikaitisha kikao nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu, nikamwambia mbele ya mumewe, "Umemuuza mama yako kwenye runinga." Akajibu taratibu, "Kaka, nilitaka watu wajue anavyongoja." Nikampiga marufuku kukanyaga kwa mama, naye akatii, akaacha kuandika baada ya sehemu ya ishirini na sita. Nakiri mbele yenu kwamba sikuwa nimetazama hata sehemu moja.

Februari 2024 aligundulika kuwa na kansa ya damu, na kwa sababu mama ana presha, niliamua tumfiche habari hizo. Mwezi uliopita, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, nilimuuliza tamthilia ingeishaje, akasema, "Sikuwahi kuamua, kaka, nilikuwa nangoja kumuuliza mama." Nikamwahidi nitamleta mama tukimaliza kuvuna, lakini Loisi alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mtama wetu ukiwa bado shambani.

Juzi mama alinieleza kwamba aliitazama tamthilia yote kwa jirani yake, Bi Batuli, bila kukosa Alhamisi hata moja. Akaniambia, "Yule mama alisema niliyoshindwa kuwaambia ninyi. Nilidhani Loisi ameacha kuja kwa sababu ya kazi nyingi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nkuhungu waliokesha nasi, waigizaji na wafanyakazi wenzake, na shemeji yetu Lameck, ambaye hakuwahi kunilaumu.

Loisi, mdogo wangu, mama yupo hapa mbele, amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Nilimchelewesha mimi. Lala kwa amani.