Limi na Minyaa ya Kwao

Ndugu waombolezaji, naitwa Maige, mdogo pekee wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wa dada ambaye kwangu alikuwa ndiye mama.

Limi Mageni alizaliwa tarehe 12 Mei 1953 Mwakitolyo, Shinyanga, mtoto wa kwanza wa mzee Mageni na mama Melania. Mama alifariki tarehe 3 Machi 1962, akazikwa nyumbani karibu na zizi, kando ya uzio wa minyaa alioupanda mwenyewe, nami niliyekuwa bado nanyonya nikahamia mgongoni kwa dada, ndiyo maana alichelewa kuanza shule hadi mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970.

Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijiji kipya, wengine walibeba milango na vyungu, yeye akakata matawi ya minyaa pale kaburini akayapanda tulikohamia, na alipoolewa na shemeji Theonest hapa Geita, tarehe 14 Juni 1975, alishuka kwenye lori na furushi la minyaa hiyo hiyo, wifi zake wakacheka kwamba bibi harusi kaja na uzio wa ng'ombe. Yeye aliipanda nyuma ya nyumba, akawa fundi cherehani, akawazaa Justa mwaka 1976 na Marcel mwaka 1979, na aliyethubutu kuvunja tawi aligombezwa, mimi nikiwemo.

Alichotaka ni kimoja tu, siku yake ikifika alale kando ya mama. Agosti 1986 nilimsindikiza Mwakitolyo, tukakuta mahame yetu yamekuwa shamba la pamba, uzio umeng'olewa, kaburi halionekani, akazunguka mpaka jua likazama akiniuliza ni hapa au pale, nami hata sura ya mama siikumbuki. Tangu siku ile furaha yake ilipungua, nikaanza kumkumbuka angali hai.

Aliugua tumbo kuanzia Novemba 1987, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 1988, akiwa amemwomba shemeji asihangaike na safari ya Mwakitolyo, amzike nyuma ya nyumba, ndani ya minyaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, na mafundi wenzake mliofunga vibanda sokoni. Wachimba kaburi waliuliza kama wafyeke uzio ili jeneza lipite, tukakataa, tutalipitisha juu kwa mikono yetu.

Dada, kaburi la mama hatukulipata, lakini minyaa yake ndiyo hii itakayokuzunguka. Msalimie, umwambie yule aliyemwacha ananyonya amekua, nawe sasa nitue mgongoni, upumzike kwa amani.