Saa Aliyoisimamisha Kompyuta

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na mchana ule mwandishi wa programu waliyembandika jina Kompyuta alilitikisa mpaka kahawa za wenzake zikamwagika. Kazini kwake wanatengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Asubuhi majaribio ya kuikagua programu yaligoma, na jaribio lililokwama lilikuwa limeandikwa na binti aliyeajiriwa juzijuzi. Bosi akamwuliza Kompyuta, mkubwa wa chumba, kosa la nani. Akamtaja binti. Saa tisa binti angeitwa ndani, na kazi ingemponyoka. Kompyuta alisema alichokiona, lakini roho haikutulia.

— Kaa kitako, bwana! — alifoka Wembe, kinyozi mwenyewe. — Samaki mmoja akioza, mtungo mzima umeoza. Mtoeni!

— Lakini jaribio lake likiendeshwa peke yake linapita, — alisema Kompyuta. Likiwekwa foleni na mengine, linasubiri wee, linakufa.

— Basi lina haya. Nina mteja, akiwa peke yake anaimba. Wakiingia wawili, bubu!

— Haya wapi! — Spana, fundi wa magari, alikatiza. — Mashine imechemka. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Ngazi imeingiaje hapo?

— Imeingia! Au mengine yanalionea wivu, yanaliibia muda.

— Muda unaibiwaje, Spana?

— Dakika zetu zinavutwa na mashine za ng'ambo. Hamjiulizi kwa nini siku hizi jioni inawahi? Mkono mtupu haulambwi!

Kompyuta alicheka bila raha.

— Hakuna wizi. Muda tunauigiza wenyewe. Nani atakaa muda wa saa nane kungoja kikumbusho kilie? Unaweka saa ya bandia, unaisogeza mbele kwa mkono, ukimaliza unarudisha ya kweli.

— Usipoirudisha?

— Jaribio linalofuata linaikuta imesimama. Litangoja mpaka kiama.

Mteja mmoja mgeni, mzee aliyekuwa akisubiri zamu ya kunyolewa, alijikohoza.

— Samahani, wanangu. Hiyo foleni, kabla ya jaribio la binti linapita la nani?

Kompyuta aliinuka ghafla. Aliona foleni yote kichwani, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Lililotangulia aliliandika mwenyewe, siku ya haraka, akaisimamisha saa na kwenda zake nyumbani bila kuirudisha ya kweli.

— Mtaalamu, si umeulizwa? — alisema Wembe. — La nani?

Kompyuta alikuwa ameshavuka barabara, mbio, bila kuangalia magari. Alikuta mlango wa bosi umefungwa. Ndani binti alikuwa akiomba msamaha.