Mzee Penseli, Aliyepima Magari kwa Mwandiko

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mjaribu magari wetu mkuu atatundika funguo za mwisho kwenye ubao wa gereji na kustaafu. Atakuwa ameitumikia huduma yetu ya kusafirisha wagonjwa kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hesabu hiyo imehakikiwa mara tatu kwenye jalada lake. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo alifika akiwa na mikono myeusi kwa sababu alisimama njiani kumsaidia mtu kubadilisha tairi. Jina lake la kwenye jalada wanalijua wachache. Kuanzia getini hadi ofisi ya Mama Mkurugenzi, sote tunamwita Mzee Penseli, kwa ile penseli isiyobanduka nyuma ya sikio lake la kulia.

Alianza akiwa dereva. Fundi Mkuu, aliyeajiriwa naye mwaka mmoja na ambaye hajapitisha siku bila kumchokoza, anasimulia kwamba wakati ule gari letu lilikuwa moja tu, rangi ya maziwa, mlango wa nyuma ukifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Anasema pia kwamba Mzee Penseli wa siku zile hakuwa huyu tunayemjua. "Alikuwa anaingia kwenye kona kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni," husema, na Mzee Penseli hakanushi. Alikuwa kijana, barabara ilikuwa tupu, na gari likikata kona vizuri alijiona bingwa.

Kilichombadilisha kilitokea mwaka wake wa tano. Mama yake mzazi alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na siku ya kuruhusiwa zamu ikamwangukia yeye kumrudisha nyumbani. Mama alikaa kiti cha nyuma, mkoba wake ameukumbatia juu ya mshono. Hakulalamika njia nzima. Lakini kila tuta lilipopita, mwanawe alisikia pumzi ya mama ikikatika kidogo, halafu ikirudi. Walipofika, mama alimwambia, "Ahsante, mwanangu. Umeendesha vizuri."

Kesho yake alimwomba dereva mwenzake amzungushe njia ileile, mwendo uleule, yeye akiwa amekaa pale alipokaa mama. Hakuwa na kipimo chochote, ila karatasi na penseli ya kujazia daftari la safari. Akaandika sentensi moja gari likiwa linakwenda: *Mama amefika nyumbani salama.* Karatasi hiyo ipo masjala hadi leo, na ndiyo ya kwanza katika jalada lake la majaribio. Mwandiko wake ni kama kuku amepita mwenye wino miguuni.

Tangu siku hiyo hakuna gari lililonunuliwa hapa kabla Mzee Penseli hajakaa kiti chake cha nyuma na kuandika sentensi ile. Njia ni ileile: kutoka getini, matuta matatu ya shule, kona ya msikiti, tuta la nne karibu na tangi la maji, kipande cha changarawe, halafu mzunguko na kurudi. Mwandiko ukinyooka, springi zinafaa. Herufi zikilala upande mmoja, gari linayumba kwenye kona. Penseli ikitoboa karatasi, basi mtu mwenye mshono ameumia. Madalali wa magari walimcheka mwanzoni. Mmoja alileta gari lililopuliziwa manukato, redio ikiimba, akalisifu hadi mate yakamkauka. Mzee Penseli aliomba redio izimwe, akazungushwa, akamkabidhi karatasi yake. Dalali akasoma kwa sauti, "Mama amefika…" akakwama, kwa maana mbele hapasomeki. "Ndiyo," Mzee akamwambia kwa upole, "hapo ndipo lilipo tatizo. Hajafika."

Alikuwa na desturi nyingine, na lazima ielezwe hapa kwa sababu ya yaliyofuata. Karatasi zake hazikuandikwa jina la gari. Alijua kila mtu gerejini ana gari analolipenda kabla halijajaribiwa, na alitaka wanaokagua mwandiko waukague bila kujua wanasifia gari gani. Alama yake ilikuwa kwenye kona ya juu: aliikunja mara moja kwa gari moja, mara mbili kwa jingine, na maana yake akaiweka kwenye barua iliyofungwa.

Mwaka huu tulihitaji magari mapya kumi na mawili, na jaribio hilo lilikuwa la mwisho kwake. Magari yaliyoletwa yalikuwa ndugu: gari dogo lilelile, injini ileile, usukani uleule, uso mmoja. Walitofautiana nyuma tu. Mmoja alikatwa mkia, mlango wa nyuma ukiwa umesimama wima nyuma ya kiti. Huyo gereji ilimwita Kibutu. Mwingine alikuwa na buti la mizigo lililotokeza, naye akaitwa Mkia.

Madereva walimpenda Kibutu tangu asubuhi ya kwanza. Alikuwa mwepesi, akiambiwa geuka anageuka, anapenya vichochoroni na kuegeshwa penye nafasi ya mkokoteni. Kwenye mzunguko alishika barabara kama amegundishwa. Fundi Mkuu alishuka kwenye usukani akitabasamu kama bwana harusi. Mkia alikuwa mzito kidogo wa kugeuka; kwenye kona kali ungesikia sehemu ya nyuma ikifuata kwa kuchelewa, kama mtu anayevutwa mkono. Yakiwa matupu, kwa aliyekaa nyuma magari hayo karibu yalingane. Tofauti ilijitokeza yalipopakiwa kiti cha magurudumu kilichokunjwa na sanduku la vifaa vya muuguzi. Mzigo ulimtuliza Mkia, akawa anavuka tuta kwa kushuka taratibu, na kelele za barabara zikabaki butini. Kibutu, ambaye springi zake za nyuma ni ngumu, alipiga tuta na kulirudisha lote kwenye kiti, na kiti cha magurudumu kikagonga mgongoni mwa abiria.

Hayo yote yalikuwa wazi katika karatasi nne zilizoletwa masjala, mbili kila gari, moja likiwa tupu na moja likiwa na mzigo. Karani wa masjala, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, alikuwa na miezi minne kazini. Chuoni alifundishwa kwamba waraka huhifadhiwa ukiwa umenyooka na kingo zake zimelingana. Akaona kona zimekunjwa. Akadhani ni uchakavu. Akachukua rula na mkasi, akazikata kona zote nne, kipimo kimoja, na vipande akavitupa kwenye pipa, ambalo lilimwagwa mchana huohuo. Ndipo alipofungua barua na kusoma: *Kunjo moja ni Kibutu, mawili ni Mkia.*

Ilitosha kwenda gerejini kuuliza, hatua arobaini tu kutoka mlango wa masjala. Karani hakwenda. Aliogopa kazi itaota mbawa kabla hata barua ya kuthibitishwa haijatoka. Badala yake alikisia. Kwa kuwa watu wote walikuwa wakimsifu Kibutu, mwandiko mzuri akampa Kibutu, na ule uliotoboka akampa Mkia. Akachapa ripoti safi, isiyo na kosa hata la nukta, inayopendekeza tununue Kibutu kumi na wawili. Chini yake paliandikwa jina la Mzee Penseli. Mama Mkurugenzi alikuwa aisaini Alhamisi saa sita.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mzee Penseli alikuja kusoma nakala yake. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili. Akazitazama karatasi nne zenye kona zilizokatwa, akapitisha kidole gumba pale kona zilipokuwa. Alitoa penseli sikioni, akamnyooshea karani.

"Njoo, mwanangu. Leo mimi naendesha, utaandika wewe."

Wazee wa gereji wanasema hawakuwahi kumwona akimwachia mtu kiti cha nyuma. Wakaondoka na Kibutu, kiti cha magurudumu na sanduku vikiwa nyuma. Karani aliandika *Mama* kwenye tuta la kwanza, *amefika* kati ya la pili na la tatu. Kwenye tuta la nne, karibu na tangi la maji, kiti cha magurudumu kilimgonga mgongoni, penseli ikapasua karatasi na kuingia kwenye goti la suruali. Hapo karani alisema yote, kuanzia rula hadi pipa.

Mzee Penseli alisimamisha gari kando ya tangi.

"Umezikata kwa rula?"

"Kwa rula, Mzee. Zote sentimita mbili."

"Basi umekosea kwa unadhifu," akasema, na mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Halafu akageuka, naye hakuwa akicheka tena. "Sikiliza. Jumatatu moja, nikishastaafu, mimi nitakuwa kwetu, nimekaa kibarazani. Lakini kuna mtu atatolewa wodini siku hiyo, ana mshono mbichi, atapandishwa gari tulilochagua. Yeye hatakujua wewe wala mimi. Atakachojua ni tuta. Kwa hiyo ukiogopa, muogopee huyo."

Walirudi, wakabadilisha gari, wakazunguka tena na Mkia akiwa na mzigo uleule. Sentensi ilikamilika kabla ya mzunguko, na inasomeka. Saa tano na nusu walikuwa mbele ya Mama Mkurugenzi, Fundi Mkuu akiwa ameitwa pia. Mzee Penseli alisema, "Tulikosea kwenye ripoti, tumeshasahihisha." Mama Mkurugenzi akauliza ni nani hao waliokosea. Kabla Mzee hajafungua mdomo, karani alisema ni yeye peke yake, na akaeleza alivyofanya. Mama Mkurugenzi alizipanga karatasi juu ya meza: za Mzee na za karani, miandiko miwili ya watu waliopishana karibu miaka arobaini. Ile iliyokatika ilikatika mahali pamoja, kwenye tuta la nne. Ile iliyonyooka ilinyooka kwa wote wawili.

"Mimi bado nasema Kibutu ndiye gari," Fundi Mkuu akanung'unika.

"Ni gari kweli," akajibu Mzee Penseli. "Gari la dereva. Mimi mwenyewe ningekuwa na miaka ishirini na mitano ningelala ndani yake. Lakini magari haya tunawanunulia walioko nyuma."

Mama Mkurugenzi alisaini kwa Mkia kumi na wawili. Kisha akamwambia karani arudi masjala, na mkasi aulete ofisini kwake. Uko huko mpaka sasa.

Magari yamekwishafika. Wauguzi wanasema abiria wengine husinzia njiani, jambo ambalo zamani lilitokea kwa nadra. Madereva wamenuna kidogo, hasa kwenye vichochoro, lakini wamezoea. Na katika jalada la majaribio, karatasi ya kwanza ni ile ya miaka ishirini na tisa iliyopita, ya kijana aliyekaa pale mama yake alipokaa. Zile nne zisizo na kona zimeachwa mahali pake, kwa agizo la Mzee mwenyewe, ili atakayekuja baadaye aone na aulize.

Tutakukumbuka kwa mengi, Mzee wetu: kwa kikombe chako cha bati kisicho na mshikio, kwa kugonga bodi ya gari mara mbili kabla ya kupanda kama anayebisha hodi, na kwa kumwita kila mgeni gerejini "mwanangu" hata akiwa amekuzidi umri. Ahsante kwa miaka yote uliyoitumia kuwawaza watu waliokupa kisogo wakishuka, wasijue kwa nini safari ile haikuwauma.

Ijumaa jioni hutashika usukani. Mkia namba moja atakuwa getini, Fundi Mkuu akiendesha, naye ameapa mbele ya gereji nzima kwamba ataingia kila kona kama mtu asiye na chungu motoni. Kwenye kiti cha nyuma utakuta karatasi moja na penseli mpya iliyochongwa. Kona ya juu tumeikunja wenyewe, na hakuna atakayeigusa. Tunakuombea uzee wenye afya na barabara laini, wewe na wote walio nyumbani kwako. Ukifika, turudishie karatasi kwa mkono wa Fundi. Ya mama tumeisoma vya kutosha. Sasa tunasubiri ya kwako.