Ngoma Zangu Mbele, Mimi Nyuma

Jina la Yesu lipewe sifa, ndugu zangu! Nasimama hapa na aibu, sitaificha.

Munanijua. Ngoma za kwaya yetu hapa kambini Mantapala ni mimi nilizipangaka katika ordinatere, ile kompyuta ya kanisa. Kila wimbo niliukata vipande: cha kuingilia, cha ubeti, cha toba, cha sebene, ile ya kuchezesha watu. Kila kipande na rangi yake, mutu abonyeze tu.

Kisha nikapata mimba bila ndoa. Kanisa likaniadhibu: nisiimbe, nisiguse chombo, nikae nyuma. Trésor, baba ya mutoto, alikana. Yeye akabaki mbele, anabonyeza. Ndugu zangu, kila Siku ya Mungu mulicheza ngoma zangu, mimi nimeinamisha kichwa, maziwa yanalowesha blauzi. Nikitoka, wasichana wa kwaya wanacheka: "Mama Sebene huyo!" Nikaacha kuomba. Nilimwambia Mungu wazi: na Wewe uko upande wao.

Siku wageni wa kanisa la Puta walikuja, pastori akaita toba. Watu wakapiga magoti. Kumbe Trésor alikuwa amechanganya vipande asubuhi, ajionyeshe fundi. Akabonyeza toba, sebene ikalipuka! Akazima, akawasha: sebene tena! Mugeni mumoja akatikisa mabega palepale kwenye magoti.

Nilifurahi. Kweli, nilifurahi! Kisha nikaona mama mumoja aliyekuwa akilia toba: amejifunika uso na kitenge, anainuka kutoka. Aibu ile niliijua. Nikamufunga mutoto mugongoni, nikaenda mbele.

Muzee wa kanisa akanizuia: "Nani amekuruhusu kugusa?"

Mama Georgette, kiongozi wa wamama, akamujibu bila kuinuka: "Papa, ngoma zake munazicheza tangu mimba mpaka mutoto ana meno. Leo ndio munauliza?"

Muzee akanipisha. Nikarudisha kipande cha toba mahali pake. Yule mama akarudi, akapiga magoti. Na mimi nikaanguka kando ya spika. Nikaomba, ndugu zangu! Nililia mpaka hasira ikalegea.

Trésor bado hajamukubali mutoto. Aibu bado ninayo, hata sasa munaponiangalia. Lakini hainifungi tena mudomo nisimwite Mungu. Asante Yesu!

Wewe uliyeacha kuomba kwa sababu ya watu wake, mwite Yeye mwenyewe, leo. Usingoje kwanza watu waone haya.