Ncha Zilizopinda Hazikuwa za Bi. Murugi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi. Phyllis Murugi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya kukereza mbao hapa Gatitu.

Alianza kwa kufagia maranda. Mwaka wa pili akapewa kazi iliyotushinda wengi: kusawazisha ncha za vipande vya mbao vya kalamu. Kipande kikishatobolewa na kutiwa bomba la shaba, ncha zake hukatwa zilingane kabisa na bomba. Zikipinda hata kidogo, mwanya hubaki kwenye kiungo cha mbao na chuma. Bi. Murugi aliukagua kwa ukucha wa kidole gumba. Siku ya harusi ya bintiye alipewa kalamu atie sahihi, akaanza kwanza kuikagua viungo, mchungaji na kanisa zima wakimsubiri.

Sasa niseme jambo ambalo lingekuwa rahisi kuliruka. Miaka mitatu iliyopita, shule moja iliagiza kalamu mia tatu za jubilii yake. Kazi ikiwa katikati, Bi. Murugi alikwenda Murang'a kumzika kaka yake. Mimi Gikonyo, msimamizi wake, nikasawazisha zilizobaki kwa pupa, kwa kikatio butu. Zilirudishwa zikiwa na mianya. Meneja wetu, Bw. Mutahi, aliponiuliza, nilimwambia ni mkono wa Bi. Murugi, macho yake yamechoka.

Akahamishiwa kwenye kufungasha. Kabla ya kwenda aliokota kalamu moja, akapitisha ukucha.

“Gikonyo, hii si kazi yangu,” aliniambia polepole. “Na wewe unajua.”

Niliinamia mashine. Miezi kumi na minne alifunga maboksi, na kila asubuhi aliniuliza hali ya mama yangu. Kazi ilipozidi kuharibika, Bw. Mutahi alimwomba arudi. Alirudi, akawafundisha watatu wanaoishika kazi hiyo leo. Mimi bado nilinyamaza.

Wiki jana nilimpelekea Bw. Mutahi maandishi haya. Aliyasoma mara mbili, akatoka kwenda kumwomba Bi. Murugi radhi. Jana Bi. Murugi mwenyewe alinisihi niifute sehemu hii, akisema siku ya kuagana si siku ya kesi. Hajawahi kuniomba lolote lingine. Nimekataa, kwa sababu nilimchafulia jina mbele ya watu, na ni mbele ya watu ninapopaswa kulisafisha.

Asante, Bi. Murugi, na unisamehe. Nenda ukapumzike vyema, Mungu akuzidishie siku njema.