Mageti Saba

Gari lilikuwa halijaondoka Muyinga, na tayari Vumilia amemweleza jirani yake wa kiti, fundi cherehani aitwaye Houssein, kwamba anakwenda Gitega kuuza kiwanja cha marehemu baba yake.

"Mama alifariki mwezi jana," alisema, kwa Kiswahili alichokulia kambini Tanzania. "Kaburi huchimbwa na majirani. Niligonga mageti saba ya hao wakubwa waliojenga kutuzunguka. Yote saba yalinitumia mlinzi."

"Na kaburi ikachimbwa?"

"Likachimbwa."

"Sasa shida iko wapi, mama?"

"Wale si majirani, mzee. Wale wameajiriwa."

Hakusema kwamba walinzi hao walikuwa wametoka kukesha kazini, wala kwamba hakuna aliyewalipa.

Houssein alipapasa furushi lililokuwa mapajani mwake. "Hii ni uniforme yao. Zamani kartiye yenu, mtaa muzima, nilikuwa naishonea nguo za harusi, sasa ni za walinzi tu. Nani alichimba? Bonifasi wa Buraza? Elikana?"

"Sikuwauliza majina."

"Wamemzika mama yako, na we haujui hata jina moja."

"Nilikuwa na msiba, mzee."

"Na wale wakubwa walikuwa na kazi." Houssein akatazama nje. "Basi mama, na we iko na geti yako."

Gari liliposimama Gitega, Vumilia alishuka. Mnunuzi hakuja kumpokea. Alimtuma mlinzi, naye mlinzi akamsalimu Vumilia kwa jina lake.